Mgeni wa Baridi

Januari ikiwaka, mtu wa Dar es Salaam hupanda Lushoto kukimbia joto. Akishaingia kwenye nyumba ya mbao aliyoipanga, ombi la kwanza ni kuni, la pili blanketi la ziada. Saa sita usiku anampigia msimamizi simu: kuna baridi! Utadhani msimamizi ndiye aliyeipandisha milima ya Usambara. Wakoloni wa Kijerumani, waliouita mji huo Wilhelmstal, walifuata baridi hiyo hiyo. Wao angalau hawakudai kurudishiwa pesa. Huyu wetu kaja kutafuta utulivu, na spika kaja nayo. Alfajiri anamshtaki jogoo wa jirani kwa kelele. Mgeni wa wiki ijayo ameshauliza kama kuna feni.