Kucha Tisa na Plagi Kumi na Tisa

Kila nyumba ina kopo la Blue Band ambalo ndani halina Blue Band. La mama mkwe wangu lina vifungo na sindano. La kwangu, hapa Sakina, lina plagi. Juzi nilizimwaga mezani nikazihesabu: 19. Na mashine zangu ni tatu tu: pikipiki, pampu ya kumwagilia bustani, na kile kijenereta kidogo kinachotumia petroli iliyochanganywa na oili.

Nazikusanya kwa woga. Julai ya Arusha mnaijua: Mlima Meru hauonekani wiki nzima, manyunyu hayakatiki, na mashine nazo asubuhi zinagoma kama watoto wa shule. Ikigoma, nanunua plagi. Nikigundua tatizo lilikuwa petroli imekwisha, ile ya zamani naitia koponi, maana huwezi jua.

Siku hiyo ya kuzihesabu, Ijumaa, niliamua kuleta utaratibu. Nilishasoma mahali kwamba Marekani wapo watu wazima wanaorusha viroketi vya kuchezea, na vizibo vya kushikia viwashio vimepewa rangi kulingana na injini, mtu asije akachanganya. Nikajisemea, wenzetu wanapanga vizibo vya roketi za karatasi, mimi nishindwe na plagi? Nikaazima rangi ya kucha. Hilo neno “nikaazima” mke wangu halikubali mpaka leo.

Kazi ilihitaji kusoma. Plagi za NGK zinajieleza kwa herufi: B ni uzi wenye kipenyo cha milimita 14, D ni 12, C ni 10. Namba inahusu joto: ikipanda, plagi hiyo inapoa haraka zaidi. Kwa Champion mambo yamegeuka, namba ikipanda ndiyo inakuwa ya moto zaidi. Ni kama kuishi na majirani wawili, mmoja akitikisa kichwa amekubali, mwenzake amekataa. Nikapanga: za pikipiki, D, rangi ya waridi. Za pampu na jenereta, zote B, spana moja, nyekundu. Kule mbele kidogo kulikuwa na herufi nyingine, E kwa za pampu na H kwa za jenereta. Nikaiona pambo tu.

Kesho yake tulikuwa na sendofu ya binti wa shemeji yangu kule Ng'iresi, mlimani. Mke wangu alikwenda na kucha tisa nyekundu. Ya kumi rangi haikutosha.

Tumekwishakula loshoro na ndizi, MC anaita wazazi wa binti, umeme ukakatika. Shemeji akanigeukia, maana jenereta nilikuja nayo mwenyewe na nilishaitangaza. Nikavuta kamba. Kimya. Nikafungua plagi, nyeusi kama sufuria ya makande. Mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ukipanda zaidi hewa inapungua lakini kabureta haina habari, inamimina petroli ileile, na plagi inajaa masizi. Hilo nilikuwa nalijua. Nikachomoa nyekundu mpya, nikafunga kwa madaha, nikavuta.

“Kang!”

Kamba ikagoma. Nikavuta kwa nguvu zaidi. “Kang!” Bibi mmoja akauliza kama hiyo ni kengele ya keki.

Akaja kijana wa bodaboda aliyeleta kreti za soda. “Shikamoo mzee. Naomba niione.” Akaifungua, akaimulika kwa simu. Ile ncha iliyopinda chini ya plagi ilikuwa imelala kabisa, imebanana na ya katikati. Hata nafasi ya cheche haikuwepo. Akaiweka ubavuni mwa ile ya zamani. Uzi wa ile nyekundu ulikuwa umezidi urefu. E ni milimita 19, H ni 12.7. Nilikuwa nimeipigisha pistoni kichwa.

“Mzee, imezidi kidogo tu,” akasema kwa heshima. “Kama ukucha.”

Akachukua ile nyeusi, akaisugua kwa ubavu wa kiberiti, akaifuta kwa fulana yake, akafunga, akavuta mara moja. Taa zikawaka, spika ikakohoa, MC akaendelea. Hakusoma herufi hata moja. Alilinganisha ya zamani na mpya, basi, jambo ambalo mimi na chupa zangu mbili hatukulifikiria.

“Na hii rangi, mzee, ni ya nini?” akauliza, ameinua plagi juu ili kila mtu aione vizuri.

Sikujibu. Mashangazi waliitazama plagi, kisha wakageuka kumtazama mke wangu, aliyeshika glasi ya soda kwa vidole vinne, cha tano amekikunja kiganjani.

“Mnashangaa nini?” akawaambia. “Ukucha wangu wa kumi ndio huo hapo.”