Sifa za Tope la Lukuga

Uvira tumezoea kusifu vikubwa: mukeke wa kuchoma, milima ya Mitumba, mbunge kabla hajachaguliwa. Tope halina msifu. La kwetu Runingu silitetei. Mvua ikinyesha hushuka na mto kutoka milimani, huchukua mihogo ya watu bila kuaga, kisha hulala barabarani likingoja magari ya Sange. Hilo ni tope dogo, halina cheo. Ninalolisifu leo ni kubwa lao, tope la Lukuga, lililokaa pale Kalemie, karibu kilomita 300 kusini mwetu.

Ziwa Tanganyika lina ukubwa wa kilomita za mraba 32,900 hivi. Ruzizi unaingia, Malagarasi unaingia, Mulongwe na Kalimabenge yetu inaingia. Kutoka, mlango ni mmoja tu: Lukuga, unaoyapeleka maji Lualaba na mwishowe baharini. Mlangoni hapo amewekwa nani? Tope, pamoja na matete na magugu. Halina barua ya kuajiriwa wala mshahara. Nitajie mtumishi wa leta aliyeshika zamu hivyo, kizazi hadi kizazi, bila kudai malimbikizo.

Wageni walichelewa kulitambua. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi huku kaskazini ili waone kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kumwambia Burton hivyo mwaka 1858, bila malipo. Miaka mitano baada ya safari ile ya mtumbwi, 1876, Stanley akafika Lukuga mwenyewe na kukuta tope na matete yameufunga mlango, huku ziwa likizidi kupanda. Kama mwaka 1878 kizuizi kikaachia. Maji yakafumuka kuelekea Lualaba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita 10 hivi. Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone sasa pako mbali na ufuko. Wataalamu husema ni mambo ya asili. Mimi naona ni msimamizi aliyeachia kiti kwa hiari yake, jambo ambalo katika nchi yetu halijazoeleka.

Ukitaka kujua uzito wa kazi yake, waulize Wazungu wanaofuga samaki wetu ndani ya vioo. Samaki wa miamba ya ziwa hili, Tropheus na ndugu zake, walisafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura miaka ya 1970, Pierre Brichard akiwa mstari wa mbele. Huko Ujerumani mwenye tangi hununua pampu ya kusukuma maji, kichujio, na bomba la kupunguzia yakizidi. Huweka alama kwenye kioo na kuikagua asubuhi na jioni. Konokono mmoja akiingia bombani, zulia limelowa na mke amenuna. Hayo yote kwa lita 300! Tope letu lina ziwa lenye kina cha mita 1,470, na samaki ni walewale.

Msomi atanikatiza: zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoondoka ziwani huchukuliwa na jua, si na Lukuga. Sibishi. Lakini jua halisikii ombi la mtu na hakuna anayepanga kulitengeneza. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayogombaniwa, na funguo zake linazo tope.

Ugomvi wenyewe ni mtamu. Miaka ya 2000 ziwa liliposhuka, Tanzania ililalamika kwamba Lukuga unatoa maji mno, ikataka kizuizi kijengwe. Kuanzia 2020 ziwa likapanda. Bandari ya Kalundu ikalowa, nyumba za ufukweni Uvira zikaingiliwa, na ng'ambo ya mpaka watu wa Gatumba wakahama. Basi tope lilelile lililoshtakiwa kwa ulegevu likashtakiwa kwa ukaidi. (Ule usiku wa Aprili 2020 Mulongwe ulipoua watu nauacha nje, haukuwa wa ziwa, na hauna mzaha.) Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa hili Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake ina ofisi Bujumbura. Tope halikualikwa kutia saini, wala halijaonekana kununa.

Sasa kuna wanaotaka mashine ziletwe Kalemie kuchimba mlango upanuke. Ukiwa na nyumba Kavimvira yenye maji magotini, huwezi kulaumiwa ukiwaunga mkono. Ila kabla mashine haijashushwa, mtuulizie huko kwenye mikutano: ziwa likishuka tena, nani ataufunga, na atalipwa na nani?