Niazime Kalamu, Nikopeshe Sukari

Kuna sentensi ya Kiingereza ambayo haipiti siku ya shule bila kusikika mahali fulani kati ya Lamu na Mbeya: “Teacher, borrow me a pen.” Mwalimu, ambaye kalamu anazo tatu mfukoni, hatoi hata moja. Anavua miwani, anaigeukia hadhira yake, anairudia sentensi ile kwa sauti ya kuigiza, darasa linaangua kicheko, na muda wa jaribio unazidi kuyoyoma huku mtoto akiwa mikono mitupu. Kisha inatolewa kanuni: “borrow” ni ya anayechukua, “lend” ni ya anayetoa. Mtoto anaikariri njia nzima hadi nyumbani, na wiki inayofuata anakuja na “Can I lend your pen?”, yaani shati lile lile, safari hii limevaliwa ndani nje. Wengi huliita kosa hili uvivu. Mimi naliona kuwa ni ushahidi kwamba mtoto anakijua Kiswahili vizuri mno. Kitu kinapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, Kiingereza huuliza: kimeelekea wapi? Kiswahili hakina haraka na hilo. Kinauliza: kitarudi chenyewe?

Tuanze jikoni, maana huko ndiko sheria zetu nyingi hutungwa. Jirani akigonga mlango magharibi, wageni wameshakaa na birika liko motoni, atasema, “Dada, nikopeshe sukari kikombe kimoja.” Hatasema “niazime sukari,” kwa kuwa sukari ile ikishaingia kwenye chai imekwenda na maji. Itakayorudi ni nyingine, siku nyingine, kwa kikombe kingine, na ugomvi huanzia hapo: iliyotoka ilikuwa ya mlima, iliyorudi imefutwa kwa kidole. Lakini jirani huyo huyo akitaka sufuria kubwa ya pilau atasema “niazime,” na kesho kutwa unategemea kuiona sufuria ile ile, yenye kishimo kile kile ubavuni na herufi zile zile zilizokwaruzwa kwa msumari chini ya kitako ili isipotelee kwenye shughuli za watu. Sufuria ya kuazima ikirudi mpya, inang’aa, ujue kuna jambo limetokea na maelezo yanahitajika. Methali nazo zinaujua mpaka huu. Isiyositiri makalio ni nguo ya kuazima, kwa sababu mwenyewe anaweza kuidai hadharani wakati wowote. Nguo ya kukopa inasitiri kama kawaida. Hiyo umeshauziwa, ni yako, na anachokungojea mwenye duka ni fedha yake. Neno moja likibadilika hapo, hata mwenye nguo anabadilika.

Msomaji makini ameshanyoosha kidole. Atasema: mbona na sisi tuna kukopa na kukopesha, na maktaba huazimisha vitabu? Si huo ndio mwelekeo wenyewe? Ndiyo, lakini tazama umewekwa wapi. Kama kitu kitarudi chenyewe au la, hilo limo ndani ya mzizi. Nani ametoa na nani amepokea, hilo limening’inizwa mkiani. Tena kwenye kuazima mkia huo si wa lazima. “Nimeazima baiskeli ya Juma” na “nimemwazima Juma baiskeli” ni kitenzi kile kile, na hakuna mtu mzima anayechanganyikiwa. Ni kiambishi kimoja tu, kile “mw” cha Juma, kinachokuonyesha nani atatembea kwa miguu leo. Anayesema “niazime” ameshamaliza kila kitu: mimi ndiye mhitaji, wewe ndiye mwenye mali, fanya hima. Mtoto wa “borrow me” amefanya hivyo hivyo. Amechukua “niazime,” akaivunja vipande viwili, “borrow” na “me,” akavipanga kwa uaminifu. Kimantiki hana deni na mtu. Bahati mbaya mantiki hiyo haimo kwenye mwongozo wa kusahihisha.

Kuna pingamizi zito zaidi, na hili linatoka mtaani. Watu husema “niazime elfu kumi.” Noti huwa hairudi yenyewe, noti ile itakuwa imepanda daladala, imenunua unga na imefika mkoa mwingine kabla ya jua kuzama. Je, mpaka wangu haujabomoka? Nadhani umeimarika. Anayeomba kwa kusema “niazime” analijua neno “nikopeshe” na amelikwepa kwa makusudi. “Nikopeshe” lina harufu ya daftari, tarehe na shahidi, na limeandamwa na methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga. “Niazime” ni jepesi. Linaichora ile elfu kumi kama mwavuli: unaipokea, mvua inapita, unairudisha ikiwa bado na unyevunyevu. Yaani anakuahidi kwa msamiati kile asichoweza kukuahidi kwa mshahara. Na wewe, kwa kuwa unakijua Kiswahili, unayaelewa yote hayo, unaguna, kisha unatoa elfu tano.

Waingereza wakitucheka, wajue kwamba hata nyumbani kwao hawako wengi kama wanavyodhani. Mjerumani ana “leihen” na “borgen,” na kila kimoja kinaweza kwenda kwa mtoaji au kwa mpokeaji, hicho “borgen” ni ndugu wa damu wa “borrow.” Mswidi anatumia “låna” pande zote mbili, na Mchina naye anatosheka na “jiè.” Tena huko Marekani, Wisconsin na Minnesota, walikotua wahamiaji wengi kutoka Ujerumani na Skandinavia, wapo Wamarekani wazawa wanaosema “borrow me” bila haya wala pasipoti ya Afrika Mashariki. Kiingereza chenyewe, kinachojifanya kuona aibu kwa kitenzi cha pande mbili, kinacho “rent.” Mtu akikwambia “I rented a house,” hujui kama umpe pole ya kodi au umwombe chumba. Hapo sisi tuna kupanga na kupangisha. Basi tungeweza na sisi kuvua miwani na kuligeukia darasa.

Mpaka wetu una wakubwa zake. Wanasheria wa Roma ya kale waliita “commodatum” kile kinachorudi chenyewe, kama farasi au chombo, na “mutuum” kile kinachorudi kwa mfano wake, kama nafaka, mafuta au fedha. Fiqhi ya Kiislamu nayo inatenga ariya na kardhi, na hiyo ya pili ndiyo iliyotuachia neno karadha. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804 iliendeleza mgawanyo huo huo. Kwa hiyo mama wa Tandale anayekopa sukari asubuhi na kuazima sufuria jioni anatekeleza bure somo ambalo wengine wanalilipia ada ya chuo kikuu. Hata benki inalijua, japo haisemi. Ingia uitazame ile kalamu ya kaunta: imefungwa kamba fupi kiasi kwamba mteja mrefu lazima ainame kama anayerukuu ili atie saini. Mamilioni yanatoka humo humo bila kamba, kwa kuwa mamilioni yanakopwa. Yakikaa nje yanazaa riba. Kalamu inaazimwa. Haina riba, na historia yake si nzuri.

Kampuni za simu nazo zimeukimbia mjadala mzima. Anayeishiwa salio Kenya anakaribishwa kwenye Okoa Jahazi au Fuliza. Tanzania kuna Nipige Tafu na Songesha. Tafuta kukopa au kukopesha kwenye majina hayo, hutaviona. Mteja anaokoa, anafuliza, anasongesha, anapigwa tafu, kana kwamba shughuli nzima ni ya mabaharia na vijana wa kijiweni wanaosaidiana. Mkopeshaji hujitokeza baadaye kidogo, pale fedha zinapoingia na kukatwa kabla hujaziona kwa macho. Waliochagua majina hayo walikijua Kiswahili kuliko wengi wetu.

Najua atakayesema: hayo ni maneno matamu, lakini mtihani ni wa Kiingereza, na kosa ni kosa. Namkubalia kabisa. Ukiwa kwa Kiingereza, fuata njia zake: chukua kwa “borrow,” toa kwa “lend,” na kama umesahau, angalia ni mkono wa nani utakaobaki mtupu; mwenye mkono huo ndiye wa “lend.” Sidai alama kwa “borrow me.” Ninachokataa ni kicheko, kwa sababu kinamfundisha mtoto kwamba hajui kitu, ilhali anajua vitu viwili vinavyogombana. Akielezwa kwamba Kiswahili kimemzoesha kuuliza swali jingine, ataliacha la Kiswahili mlangoni na kuingia na la Kiingereza. Akichekwa tu, atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza hakosei Kiingereza wala hakijui.

Basi, mwalimu wangu, akija tena na “borrow me a pen,” mpe kwanza kalamu ili muda usimpite. Msahihishe akishaanza kuandika. Kisha, kabla kengele haijalia, simama mlangoni uidai, na uitazame vizuri kama ni ile ile yenye kifuniko kilichotafunwa, maana uliiazima, hukuikopesha.