Profesa wa Kibanda cha Video

Mwanafunzi wetu wa filamu yuko likizoni Oyugis, na mji mzima umejua. Siku hizi hatazami sinema, "anaichambua". Kibandani, wenzake wakimshangilia DJ Afro anapoyasimulia mapigano ya Kihindi kwa Kiswahili chenye pilipili, yeye huziba masikio. Eti kelele zinamharibia mwongozaji ukimya wake. Vijana humtazama kwa huruma tu. Wao wanataka kujua steringi atachomoka vipi.

Kipenzi chake ni 1917, filamu ya vita ya Sam Mendes, iliyoungwa kwa ustadi hata ukadhani kamera haikuzimwa. Roger Deakins alipata Oscar ya upigaji picha kwa kazi hiyo mwaka 2020. Haya, tumekubali. Lakini mtajie Watu Wote, ataanza kukohoa. Filamu hiyo fupi, inayohusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa kaunti ya Mandera mwaka 2015, ilikuwa kazi ya wanafunzi wa Hamburg, na iliteuliwa kuwania Oscar ya 2018. Wanafunzi! Wametoka Ujerumani kuja kuokota hadithi kwetu, na huyu wetu anahangaika na mahandaki ya Ufaransa.

Na hadithi ziko hapa nje: barabara ya Kisii kwenda Kisumu inakatiza katikati ya mji. Makanga wanamvuta mama mmoja, huyu mkono, yule kikapu cha viazi vitamu, na hakuna anayepiga kelele za "kata!"

Omera, simu yako ina kamera. Acha kutufundisha, toka nje upige picha.