Sifa za Mota Iliyogoma

Watu husifu kinachokwenda. Basi likiwahi, dereva hupewa makofi. Pesa ikizunguka, mwenye nayo huitwa mheshimiwa. Mimi leo nasimama kusifu kisichokwenda: mota ya mashine ya leza iliyogoma katikati ya kazi. Taa zote zinawaka, feni inavuma, pampu inazungusha maji, na kichwa cha kukatia kimetulia palepale kama mwenye nyumba aliyekataa kupisha barabara.

Tuanze na ukoo, maana hakuna sifa bila nasaba. Leza ya kaboni dioksidi, ile inayokata mbao na akriliki katika karakana za vibao, tuzo na kadi za harusi, ilibuniwa mwaka 1964 nchini Marekani, katika maabara za Bell, na Kumar Patel, mzaliwa wa India. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, jicho haliuoni, ila ubao unaujua. Sasa tazama utukufu huo wote unamtegemea nani: mota inayoenea kiganjani, inayokwenda kwa hatua za nyuzi 1.8, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ikivaa kapi ya meno 20 na mkanda ambao meno yake yameachana milimita 2, kila mzunguko unasogeza kichwa milimita 40. Ikikataa, kazi yote ya Patel inaishia kutoboa tundu moja.

Ndiyo maana kabla ya kuimba sifa, zima leza. Mwale ukiwaka huku kichwa kimesimama, panachomwa mahali pamoja hadi pashike moto, na sifa hazijawahi kuzima moto.

Fadhila yake ya kwanza ni ukweli. Katika mashine nyingi za namna hii, bodi inayoiongoza mota huhesabu hatua ilizoagiza, si hatua zilizopigwa. Haina habari kama mota imetembea au imelala. Kwa hiyo kompyuta inaweza kuonyesha asilimia 10, asilimia 60, kisha ikatangaza kazi imekamilika, na akriliki mezani haina hata mstari mmoja uliokatwa. Katika chumba hicho msema kweli ni mmoja tu, naye ni mota. Mlinganishe na nduguye, mota inayoruka hatua. Huyo hufika kazini kila siku. Anakata nusu ya kadi vizuri, anateleza kidogo, kisha anaendelea kwa bidii mahali pasipo pake, hata jina la bwana harusi likaangukia jina la ukumbi. Karatasi zinakwisha, siku inakwisha, na kosa hugunduliwa na mama wa bibi harusi. Mota iliyogoma, leza ikizimwa mapema, haijaharibu rundo la karatasi.

Fadhila ya pili ni ualimu. Mtihani wake wa kwanza hauhitaji hata bisibisi. Umeme ukiwa umezimwa, sukuma kichwa taratibu kwa mkono: kinapaswa kuteleza. Kikikwama, mkosaji ni reli iliyojaa masizi au mkanda uliokazwa kupita kiasi, na mota mmeionea bure. Washa umeme, leza ikiwa bado imezimwa, usukume tena: mota yenye afya hung'ang'ania. Ikikubali kusukumwa kama mwanzo, umeme haujaifikia. Kaangalie fyuzi na pawa saplai, upime kama zile volti 24 za mashine nyingi ndogo zipo. Iking'ang'ania lakini haiendi, umeme upo ila amri haijafika: tafuta swichi ya mfuniko, au bodi iliyojifunga kwa tahadhari na inasubiri mtu aifungue. Ikitetemeka na kunguruma palepale, shuku waya wa koili uliokatika. Na ikizunguka huku kichwa kimesimama, basi haikugoma kamwe. Ni skrubu ya kapi iliyolegea.

Baada ya hapo huja somo la mantiki. Mota ya kulia na kushoto na ile ya mbele na nyuma zikigoma kwa pamoja, mwanagenzi hutangaza kwamba zote zimeungua. Mota mbili ni nadra kufa saa moja. Kinachokufa ni ile sahani moja zinamolia: pawa saplai, bodi, au kitufe chekundu cha dharura kilichobonyezwa na kiwiko cha mtu aliyeegemea kupiga soga. Ikigoma moja tu, zima umeme, kisha ubadilishane plagi zao. Ugonjwa ukihamia kwa mwenzake, mota ni nzima; mbovu ni draiva, kile kibodi kidogo kinachoilisha. Ukibaki palepale, mgonjwa ni mota yenyewe au nyaya zake. Nasisitiza kuzima kwa sababu plagi ikichomolewa umeme ukipita, draiva inaweza kuungua, na hapo utakuwa umeipa mota sababu halali ya kugoma.

Huna mita? Mwalimu huyu hamfukuzi maskini. Chomoa mota, gusanisha nyaya mbili za koili moja, uzungushe shafti kwa vidole: inakuwa nzito. Ziachanishe, inakuwa nyepesi. Jozi isiyoleta uzito ama si ya koili moja, ama koili hiyo imekatika.

Fadhila ya tatu ni kukutanisha watu. Mfuniko ukifunguliwa, fundi wa kompyuta anasema ni umeme, fundi umeme anasema ni programu, bosi anauliza nani aliigusa mwisho. Wakibishana hivyo, kijana wa karakana anafuta lenzi, anapangusa vumbi la mbao kwenye swichi ya mfuniko, anaufunga, swichi inabofya, na kichwa kinarudi konani kwake. Mafundi wote wawili wanadai ushindi.

Wapo wapinzani, na mkubwa wao ni mteja.

"Shikamoo mama. Kadi bado, mashine imegoma."

"Marahaba. Imegoma, au mmegoma nyinyi?"

Swali zuri. Lakini hasara anayoililia, mara nyingi haikuletwa na mota. Imeletwa na aliyekimbilia kununua bodi mpya kabla ya kusukuma kichwa kwa mkono, kisha akaja kukuta ni fyuzi tu.

Nami nawajibu wapinzani kwa hoja moja tu. Kilichoharibika nusu hakina fundi. Lifti inayoruka ghorofa ya tatu huachwa miaka, watu wakashuka ya nne na kuteremka kwa ngazi. Bomba linalotoa maji usiku tu hupangiwa zamu ya ndoo. Karani anayesema njoo kesho hupandishwa cheo. Vyote hivyo vinakwenda kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachovilinda visitengenezwe. Mota ya leza haijui hila hiyo. Ikishindwa, inashindwa mbele ya watu wote, mchana kweupe, na kabla ya jioni mfuniko umefunguliwa. Kama kuna kiongozi, ofisi au bomba linalotaka kujifunza uwajibikaji, karakana ziko wazi; waje tu wasiguse kile kitufe chekundu.