Mausi Inayotembea Yenyewe

Chang'ombe ninayoisema ni ya Dodoma, si ile ya Temeke. Nalisisitiza hili kwa uchungu, maana kibodi tulizoagiza Dar es Salaam ziliwahi kuishia Chang'ombe ya huko huko, kwa mlinzi asiyetujua, na hadi zinapatikana boksi lilikuwa limeshageuka kiti chake. Sisi tuko huku kwenye upepo na vumbi, kitengo cha TEHAMA cha taasisi nisiyoitaja kwa kuwa bado nauhitaji mshahara wake. Wakubwa wetu wamehamia Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Sisi hatukuhamishwa. Kompyuta ikigoma Mtumba, fundi yuko Chang'ombe, na nauli ya bodaboda haina kasma.

Mungu awabariki waliobuni programu za kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Ipo VNC, iliyotoka maabara moja ya Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Ipo TeamViewer ya Wajerumani, na AnyDesk, ya Wajerumani pia. Unaiona skrini ya mwenzako, unaongoza mausi yake, unamaliza, unaaga.

Shida ni kufika. AnyDesk humpa mtumiaji namba ndefu, naye lazima akusomee kwenye simu. Sasa mpate mhasibu tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unafungwa, umwambie asome tarakimu. "Mia nne na tano... ngoja nitafute miwani." Mwingine alisoma namba yake ya simu. Mmoja alitusomea kwa kujiamini kabisa tokeni ya umeme wa LUKU, tarakimu zote 20, na mwenzangu akaziandika zote bila kumkatisha, kwa sababu aliyekuwa anasoma ni mtu mzima.

Ndipo kitengo kikaamua kuyaondoa mazungumzo. Mwenzetu mmoja hodari aliandika skripti, na kila kompyuta ikawekewa alama nyekundu iliyoandikwa NISAIDIE. Mtumiaji anabonyeza, jina la kompyuta yake linatufikia, sisi tunabonyeza mara moja, tumeshaingia. Miwani ikae mfukoni.

Toleo la kwanza lilitumia Remote Desktop ya Windows yenyewe. Programu hii ina tabia yake: katika Windows za kawaida za maofisini, anayeingia kutoka mbali humtoa aliyekaa mbele ya kompyuta, naye hubaki anatazama skrini iliyofungwa. Ilikusudiwa mtu aifikie kompyuta yake akiwa safarini, si watu wawili kushirikiana. Mama yetu wa masijala alibonyeza NISAIDIE kwa sababu herufi zilikuwa ndogo. Skrini ikajifunga. Simu ikalia, sauti inatetemeka: "Mwanangu, ndiyo nimestaafishwa hivi?"

Tukahamia VNC, ambayo fundi na mtumiaji huiona skrini ileile kwa pamoja. Na kwa kuwa tulitaka mambo ya haraka, dirisha la kumwomba mtumiaji akubali likazimwa. Mzee mmoja wa Mtumba aliiona mausi inatembea yenyewe, akachomoa waya wake. Ikaendelea kutembea. Akaifungia kwenye droo. Ikaendelea. Tulipompigia kumweleza, alikuwa nje kwenye korido, na alikataa kurudi ndani mpaka mlinzi atangulie.

Hilo tulilicheka. La kikao hatukulicheka, angalau si siku ileile. Mkurugenzi alikuwa akifungua taarifa ya bajeti kwenye projekta, kidole kikagusa NISAIDIE. Fundi wetu, kijana mwenye adabu za kwao, akaingia, akafungua Notepad, akaandika: "Shikamoo. Tatizo ni nini?" Ukutani, mbele ya wakuu wa idara wote. Herufi zikajibu taratibu, moja moja: "Marahaba. Toka."

Kisha ikaja skripti ya kuzima na kuwasha kompyuta upya, maana hiyo ndiyo dawa yetu kuu, na daktari mwenye dawa moja hupenda kuigawa haraka. Amri yenyewe ni "shutdown /r". Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliandika "/s". Herufi hiyo moja huizima kompyuta ikalala kabisa. Ziko njia za kuiamsha kompyuta kupitia mtandao, ila lazima ziandaliwe kabla haijalala, na zetu hazikuwa zimeandaliwa. Kijana alipanda bodaboda hadi Mtumba kwenda kubonyeza kitufe cha kuwashia, akarudi, ndipo akaambiwa kuna nyingine ghorofa ya pili.

Leo NISAIDIE bado ipo, na mimi ni mtetezi wake. Wanaotaka turudie namba za kwenye simu hawajawahi kukaa na mhasibu mwezi Juni. Ila dirisha la "Kubali" limerudishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatosha kuwa sababu, na yule mzee wa droo ni sababu nyingine. Simu nayo tumeirudisha: fundi anapiga, anasalimia, anauliza, ndipo anaingia. Tuligundua kwamba wengi waliokuwa wakibonyeza ile alama printa zao hazikuwa na karatasi, na hakuna skripti ya Chang'ombe itakayopakia karatasi Mtumba.

Kwa hiyo, ndugu mtumiaji, angalia karatasi. Angalia waya. Na kabla hujabonyeza Kubali, tafadhali funga kwanza ule ukurasa wa kukokotoa mkopo wako. Mimi nimekuja kutazama printa tu.