Sifa za Moshi Mweupe

Mafundi wote wa kuchomelea wanaukohoa moshi mweupe wa bomba la galvanaizi, ila hakuna anayeushukuru. Leo nausimamia mimi. Katika ukoo mzima wa gesi na mivuke ya karakana, huu ndio wenye adabu.

Kwanza, haujifichi. Zinki iliyopakwa kwenye bomba hilo huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, chuma kingali hakijayeyuka, kwa hiyo moto ukigusa tu, zinki inatoka mbio, inakutana na oksijeni na kuwa unga laini unaotua kwenye nyusi za fundi. Hata muuza chapati ng'ambo ya barabara anauona. Agoni je, hiyo ya wachomeleaji wa aluminiamu? Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, basi inajaa chini ndani ya tangi na kuitoa oksijeni nje kimyakimya. Aliyeingia humo hapaliwi wala hakohoi; anaanguka. Anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Huo ni utu?

Pili, moshi wetu una ahadi. Uuvute mchana, usiku utakufuata nyumbani: mdomoni ladha ya sarafu, viungo vinauma, baridi inatikisa kitanda, na mkeo anatafuta dawa ya malaria. Baada ya siku moja au mbili homa imekwenda zake. Ukiuvuta kila siku mwili unauzoea. Ukipumzika Jumapili, Jumatatu unakusalimu upya. Tajiri gani anajali hivyo mahudhurio?

Wauza maziwa nao wanaula. Mafundi husadiki kwamba glasi moja inasafisha kifua, ingawa maziwa hushuka tumboni na moshi hukaa mapafuni.

Ndugu zake ndio wabaya. Kromu ya chuma kisichoshika kutu inasubiri miaka. Mwaka 2017 wataalamu waliokutana Lyon kwa ajili ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku.

Kasoro ya kipenzi changu ni kufukuzika upesi mno. Parua zinki kwa grinda pande zote za kiungo, chomelea nje, upepo ukupige ubavuni, usiinamie moshi, vaa barakoa yenye kichujio, si leso. Mteja akinung'unika kwamba geti lake linachelewa, mpe kigoda akae upande moshi unakoelekea.